Doti Moja

Saa nne, Mtaa wa Biashara,
jua lishaingia madukani bila hodi.
Nasoma majina ya leso, shingo juu,
nikikanyaga maji ya kudekia ya muuza vyombo.

Duka la kwanza, vijembe vya wake wenza.
La pili, dua.
La tatu, Zehra Taibali atia mate ncha ya kitambaa,
asugua: "Haichuji hii. Ya nani?"

Ya Mwanashee, dada yangu, yuko Utrecht.
Juzi alituma picha: maduka kando ya mfereji,
baiskeli zimefungwa darajani kama mbuzi wa Idi,
na kila kitu kimebandikwa bei.
"Huku hakuna wa kubishana naye," akaandika.

Basi nikabisha kwa niaba yake.
Nikaondoka. Nikaitwa.
Nikajifanya sikusikia, kisha nikarudi.

Barazani, fundi Kombo akainua mkasi.
Doti huja imeshikana, sharti ikatwe
ndipo ipindwe.
Polepole, nikamwambia, fuata mstari.

Moja itapanda ndege.
Moja nitajifunga leo nikakaange samaki.
Zote mbili zasema jambo moja:
UKIULIZWA SEMA HUJUI.