Uzito Mtupu

Walitundika michoro miwili kwa pini
kwenye ukuta wa ukumbi wa shule, pale Malindi,
mmoja wa kijani, mmoja wa buluu,
na Injinia Mwachiro akakohoa.

Kijani ni tramu. Vituo kumi na vinne:
sokoni, hospitali, darajani Sabaki,
Mambrui mara tatu, hadi Gongoni kwenye chumvi.
Inapita kati ya watu, polepole,
mlango wake u sawa na goti la mtoto.

Buluu ni treni hasa,
ya kokoto na mataruma ya zege,
na seng'enge pande zote mbili.
Vituo vitatu. Dakika ishirini na tano.
"Tena usiku itabeba chumvi," akasema,
"na chumvi ndiyo itakayowapunguzia nauli."

Mimi ni karani wa mizani, Gongoni,
huu mwaka wa kumi na tisa.
Lori likitoka na mzigo nalipima,
likirudi tupu nalipima tena,
natoa la pili kwenye la kwanza.
Kinachobaki ndicho chumvi.
Hesabu hiyo haijanidanganya,
isipokuwa siku za mvua.

Nikanyoosha mkono.
Treni ikiwa tupu ina tani ngapi?
Akapekua karatasi: mia mbili na kitu.
Na tramu? Arobaini.
Na sisi, sote tunaoamka saa kumi?
Akatabasamu. Ninyi, akasema,
hata mkishiba hamfiki ishirini.

Ukumbi ukacheka.
Mimi nikaandika kiganjani:
chuma tani mia mbili, watu kumi na sita.
Nilikwisha kuamua. Kijani.

Mwalimu Nyevu wa darasa la saba
akasimama bila kuitwa:

*Tramu husimama hapa, na pale hadi mlango,*
*Treni hupita kwa pupa, yatuonyesha mgongo,*
*Lakini nani hulipa, chumvi ikiacha pengo?*
*Msije mkatutupa, kando ya huo mpango.*

Nikahesabu kwa vidole. Nane kwa nane,
hata moja haikuzidi.
Mizani yake imekaa kuliko yangu.
Injinia alitafuta safu ya kuyaandika hayo, hakuiona.

Ndipo akainuka Kahindi Mwaringa wa pampu,
ambaye mikutanoni hata chai haombi.
"Malori ya chumvi ni thelathini na sita kwa siku," akasema.
"Mwanangu Dzidze analijua moja."
Akaketi.

Lile lori nililipima mimi.
Tani ishirini na nane na nusu, asubuhi, jua limetoka.
Halikuzidi.
Niliandika sawa, nikagonga muhuri, nikaliambia nenda.

Tramu haiwezi kuyaondoa malori barabarani.
Treni inaweza.
Lakini kutoka kwangu hadi kituo cha Mambrui
ni dakika arobaini kwa mguu, giza,
nikiufuata ua wa seng'enge nitafute tundu,
na mguu, nilipouliza, haumo kwenye makadirio.

Fomu ilikuwa na visanduku viwili.
*Weka alama moja tu.*
Kalamu yangu ikasimama kama mshale wa mizani
upepo unapopiga sahani tupu.

Nikaandika pembeni, kwa herufi za kazini:
Chumvi ipite usiku kwenye reli ya buluu.
Mchana, juu ya reli hiyohiyo,
leteni behewa jepesi, lisimame mara kumi na nne.
Pesa zikipungua, toeni seng'enge.
Chini yake, mahali pa uzito:
kilo thelathini na moja,
pamoja na mkongojo.

Kijana wa mezani akaigeuza, akaigeuza tena.
Mama, hii imeharibika, ina maandishi pembeni.

Nikamwambia, mwanangu,
mimi nimegonga mihuri miaka kumi na tisa
kwenye karatasi safi.
Gonga hiyo.