Dakika Saba

Saa kumi na nusu Nyegezi bado imelala.
Nanawa uso kwa maji ya ndoo
na kuichochea sauti kama jiko la mkaa lililolala nje:
a, e, i, o, u,
kisha *lori la Luhende limelala Lamadi*
mara tatu, bila kuteleza.
Mbuke, mwenzangu wa chumbani, ananirushia mto.
"We Nyanzobe, una mtihani leo!"
Najua. Nusu yake nimeikariri, nusu nimemwachia Mungu.

Saa kumi na mbili kamili taa nyekundu inawaka
na mimi si yule mwenye deni la ada tena.
Ni Nyanzobe wa *Kumekucha Ziwani*,
mwenye kicheko cha mtu aliyekunywa chai.

Nasoma upepo, nasoma mawimbi,
nawaambia wa mitumbwi wavae maboya
(hawavai).
Nasoma bei za mwaloni Kirumba:
dagaa wamepanda, sangara wameshuka,
furu hawajaonekana tangu Jumamosi.
Nasoma salamu. Mzee Malugu wa Igombe
anawasalimu wajukuu kumi na wanne,
na wote nawataja,
maana ukimruka mmoja
utapigiwa simu mpaka Krismasi.

Kisha nashusha sauti nusu ngazi
kwa matangazo ya vifo.
Bugingo, fundi mitambo, ndiye aliyenifunza:
usilie, wala usisome kama bei ya sangara.
Jina la marehemu liweke mezani
kama unaweka yai.

Siku hiyo umeme uliyumba.
Bugingo akatoka kuhangaika na jenereta.
Taa yangu ilibaki nyekundu, kwa betri,
ila kule mlimani, juu ya mawe, mnara ulikuwa umekufa,
nami sikuambiwa.
Karatasi zikaisha. Muziki ukagoma.
Studio haipendi kimya. Nikasema.

Nikasema, wasikilizaji, jana usiku nimekula karanga.
Nikasema, hapa tunalipwa nauli na uzoefu,
na uzoefu, pale gengeni kwa Mama Shija,
haupimwi hata nyanya mbili.
Nikasema, nimechoka kufurahi
kabla jua halijafurahi.
Nikasema, mama, kama unanipata huko Kome,
kile kitenge chenye korongo ulichonipa
nimekiuza. Ilikuwa kitenge
au namba ya mtihani.

Bugingo akaingia, mikono myeusi kwa dizeli:
"Tumepotea hewani. Dakika saba nzima."
Nilimkumbatia. Akadhani nimerukwa na akili.

Mtihani, swali la nne:
*Eleza maana ya kelele katika mawasiliano.*
Niliandika: kelele ni chochote kinachosimama
kati ya mtu na anayemwambia.
Dokta Rweyongeza alinipa mbili kati ya tano,
akaandika pembeni kwa wino mwekundu: *Mfano?*

Jioni mama akanibipu. Nikapiga.
"Mbona leo ulinyamaza?"
Umeme, mama.
"Dakika saba. Nilikaa na redio pajani
nikaisikiliza inavyokaanga.
Jirani akasema zima, betri zinaisha.
Nikamwambia, siwezi kumzima mwanangu."
Nikacheka. Yeye hakucheka.
"Na sauti yako kabla ya hapo, ilikuwa ya njaa."
Mafua, mama.
"Hm. Ijumaa nakutumia dagaa kwa boti."
Salio langu likaanza kulia masikioni.
"Na kile kitenge? Unakivaa?"

Nikakaa wima kitandani.
Nikashusha pumzi hadi kitovuni, kama nilivyofunzwa,
nikamjibu kwa sauti ya saa kumi na mbili kamili:
Nakivaa, mama! Darasa zima wananiuliza kimetoka wapi!

Upande wa pili hakukuwa na neno,
ila kukaanga kule, kwa mbali,
nami sikujua kama ni mtandao
au ni yeye, ananisikiliza.