Saa Tano Usiku, Jua Bado

Tampere, mwezi wa Juni.
Jua limekaa juu ya ziwa kama mgeni
aliyekwisha kuaga mara tatu
na bado anatafuta kiatu.

Mimi si mtu wa dini. Nina saa ya kupimia,
daftari, na goti moja bovu.
Naile anafunga. Tangu saa nane usiku
hajatia tone kinywani,
na mbio za Agosti hazimwulizi mtu imani yake.

Wiki ya kwanza nilimpangia saa sita mchana.
“Tumalize mapema, upumzike,” nikasema, mtaalamu mie!
Mzunguko wa tisa miguu ikaanza kuandika herufi za mlevi.
Akashika nyasi, akacheka bila mate.
Hakunilaumu.
Afadhali angenilaumu.

Tukajaribu alfajiri, baada ya daku:
chapati za nyama za mama yake zikagoma tumboni,
usingizi ukamning’inia begani,
na kiu yote ya siku ikawa mbele, haijaguswa.
Nikafuta ukurasa kwa wino mwekundu.

Aliyeshiba hamjui mwenye njaa,
sembuse aliyeshika saa.

Alhamisi nikafunga. Sikumwambia mtu.
Saa nne asubuhi niliona ni mchezo.
Saa tisa nilimchukia jirani kwa kumwagilia maua.
Saa mbili usiku, jua likinikodolea macho dirishani,
kitu kikanyamaza ndani yangu, kama friji inapozimika
ndipo unapojua kwamba ilikuwa ikinguruma.

Nikaandika upya:
*Saa nne na robo usiku, taratibu, dakika hamsini.
Mzunguko wa mwisho ukutane na magharibi.
Maji. Tende. Supu.
Mbio kali baada ya saa sita, mwili ukiwa na kitu cha kuchoma.*

Usiku ule mbu walitufuturu sisi kabla hatujafuturu.
Naile akaja upande wa miti ya mibetula,
pumzi zake fupi, zimepangika,
na jua nalo likaona aibu, likashuka.

Akafungua chupa, akasema bismillahi, akanywa.
Kisha akanitazama sana.
“Jouko, midomo yako imepasuka.”
Akanipa tende ya pili, ile kubwa.

“Dakika ngapi?” akauliza.
Nikatazama kiganjani: sifuri, sifuri, sifuri.
Sikuwa nimebonyeza.

“Umefika kwa wakati,” nikamjibu,
nikitafuta pa kutemea kokwa.