Kama na Basi

Lugha ya injini hii ina maneno mawili ya kukariri:
kama, na basi.
Kama baridi imeganda baada ya tarehe kumi na nne Aprili,
na mzabibu umeshachipua,
basi mlipe mkulima.
Mengine yote ni koma na mabano.

Mimi si mhandisi. Nilikuwa karani wa bima ya mizabibu,
Znojmo, ghorofa ya pili, juu ya duka la vifungo.
Nilipostaafu nikaikuta imeachwa wazi,
huria, kama jiko la harusi:
aingiaye achukue kisu, amenye viazi.
Basi nikaingia. Nikamenya.

Kwanza nilisahihisha tahajia za maelezo.
Halafu tarehe. Halafu desimali moja iliyopotea
ambayo ingemtajirisha mtu huko Mikulov.
Ujira wangu: "Asante, Drahomíra," kutoka kwa Anselmo,
mlinzi wa mradi, aliye Porto Alegre,
anayeamka mimi nikipakua chakula cha mchana.

Usiku mmoja wa Februari nikaandika jaribio.
Baridi yangu ya kubuni ilianza tarehe kumi na nne, saa tano usiku,
ikaua machipukizi saa tisa, kalenda ikiwa imeshageuka.
Kanuni ya kwanza: kama ilianza kabla ya muda, basi usilipe.
Ya pili: kama chipukizi limekufa ndani ya muda, basi lipa.
Zote mbili kweli. Zote mbili zimesimama mlangoni,
na mlango ni wa mtu mmoja.

Nikaiendesha mara elfu.
Mara mia sita na kumi na mbili ililipa.
Mara mia tatu themanini na nane ilikataa.
Shamba lilelile, baridi ileile.
Iliyowahi kusomwa ndiyo iliyoshinda.

Sheria ni msumeno, sawa,
lakini msumeno una mpini, na mpini una mkono.

Nikazima redio.
Nilikuwa nimemkumbuka Bohuslav Kopřiva,
mwaka wa tisini na saba, kofia mkononi,
tope la shambani kwenye zulia letu.
Baridi yake nayo ilianza tarehe kumi na nne.
Kitabu changu cha kanuni kilikuwa na jalada la plastiki;
ukurasa wa kukataa ulikuwa wa tisa,
wa kulipa ulikuwa wa ishirini na moja.
Sikufika ishirini na moja.
Nikasema, "Basi, bwana Kopřiva."
Akasema, "Basi."
Akashuka ngazi taratibu, akiogopa kuzichafua.

Nikatuma jaribio likiwa jekundu, bila tiba.
Anselmo akauliza, kiraka kiko wapi?
Nikajibu: kushona sijui, najua palipochanika.
Wiki tatu jekundu likabaki jekundu.
Wawili wakabishana, hii ni dosari au ni tabia yake tu;
mmoja akaniita bibi, kwa heshima yenye meno.

Kisha Hye-rim, mwanafunzi wa Daegu,
ambaye sijawahi kumwona hata picha,
akaleta mistari kumi na mmoja.
Hakuichagulia injini mshindi.
Sasa kanuni mbili zenye uzito sawa zikikutana,
injini inasimama, inaandika:
Zimegongana. Mwite mtu.

Nikaiendesha mara elfu.
Mara elfu ikasimama palepale.
Kijani.

Anselmo akasema, lipe jaribio lako jina.
Nikaliita kopriva, bila ile alama juu ya r,
maana mashine nyingine huitapika.
Neno hilo kwetu ni mmea wa kandokando ya njia,
unawasha kama upupu.
Wakacheka wote, wakadhani ndiyo sababu.

Sikuwasahihisha.
Nje theluji ilikuwa ikidondoka kutoka kwenye paa, bonge kwa bonge,
na Aprili ilikuwa bado wiki tano.