Kiti cha Kushoto

Pistoni namba tatu iko kwenye rafu ya gereji, Changamwe,
imeyeyuka upande kama mshumaa uliosahauliwa.
Tunawekea misumari humo. Msumari haujui
kwamba bakuli lake lilipanda Mazeras na tani ishirini na nane
likafia gia ya nne, bila kelele.

Bila kelele: hapo ndipo ugomvi ulipoanzia.
Mzee Tsuma aliapa hakusikia kitu.
Bakathir, mwenye lori, akamjibu mbele ya watu,
"Sikio la kufa halisikii dawa,"
akaniletea geji ndani ya mfuko wa halua.

Geji ya joto la moshi. Uso mweusi, tarakimu nyeupe,
na waya mrefu wenye ncha nyembamba kuliko kidole cha mwanangu,
ncha itakayoingia motoni ikae humo.

"Nyevu," akasema Mzee Tsuma, "miaka ishirini na sita
naendesha kwa sikio. Tabo ikilia juu, napunguza.
Leo nipewe saa ya kuniambia
kama mke wangu ana hasira?"
Vijana wakacheka. Mimi nilikuwa nachagua drili.

Kutoboa manifoldi nzima si jambo dogo.
Chuma cha kusubu hakisamehe, hakijui kushonwa.
Nilitia alama kabla ya tabo,
palepale njia za moshi zinapokutana,
maana ukipima baada ya tabo
ni kupima homa ya mtoto kwa kushika shuka.

Grisi nyingi kwenye drili, ishike chenga.
Toboa kidogo, chomoa, futa. Toboa kidogo.
Nikaagiza injini iwashwe, ipumue polepole,
chenga za mwisho zinirukie mimi
zisiyarukie mapanga ya tabo:
punje moja tu, kama ya mchele, ingetosha.
Zikaniuma viganjani, moto kama mafuta ya bajia.
Zima. Sumaku. Kisha kukata uzi kwa mkono,
nusu mzunguko mbele, robo nyuma,
nimebana pumzi bila kujua.

"Mzee, tochi."
Gereji kimya, kuku wa jirani tu.
"Mzee Tsuma!"
Alikuwa amesimama hatua mbili, amenipa shavu la kushoto.
Kijana wa spana akacheka tena.
Nikazunguka, nikaichukua tochi mkononi mwake.
Akashtuka kama mtu aliyeamshwa.

Kesho yake lilipakiwa ngano Kilindini, nikapanda naye.
Kibarani, mia nne. Changamwe, mia tano na kitu.
Jomvu, Miritini, sindano imelala.
Tukaanza mlima, ikaamka:
mia sita. Mia sita na arobaini.
Tabo ilikuwa inalia, ule mlio mwembamba
wa birika iliyosahauliwa jikoni.
Mimi niliusikia wote.
Yeye alitazama barabara, uso umetulia
kama wa mtu ambaye watoto wake wamelala.

Mia sita na tisini.
Sikusema neno. Nilikuwa nahesabu, na kuogopa.
Jicho lake likashuka kwenye geji,
likarudi barabarani, likashuka tena.
Mguu ukaachia. Gia ya tatu.
Sindano ikasita kidogo, kama inayofikiri,
ikaanza kurudi.

Juu, penye tambarare, akaegesha.
Akafuta kioo cha geji kwa kidole gumba,
ingawa hakikuwa na vumbi.
"Taa yake hafifu," akasema, anatazama mbele.
"Niongezee mwanga. Na uisogeze huku, karibu na usukani."
Malori mawili yakapita.
"Bakathir usimwambie."

Sikuuliza nisimwambie nini.
Nikajibu, "Haya,"
kisha nikakumbuka nimekaa kiti gani,
nikajiinamisha mbele, mpaka akaniona,
nikaitikia kwa kichwa.