Zipu

Saa moja kasorobo asubuhi, Tbilisi, theluji dirishani.
Eteri, arobaini na tatu, yu mbele ya kabati,
soksi mguu mmoja.

Sketi ya rangi ya haradali: zipu yafika katikati, yagoma.
Gauni la maua: wifi yake alisema, "Umependeza, kama binti yako,"
na sindano ile bado imo kwenye pindo.
Nyeusi, basi? Mama aliivaa akiwa na umri huu,
kwa matanga ya mjomba,
akasahau kuivua.

Anairudia sketi. Zipu anaiacha nusu,
anashusha sweta juu yake. Nani atajua?

Kwenye ngazi, jirani Tsiala, miaka themanini, anamsimamisha,
anapapasa kitambaa:
"Rangi hii! Umeipata wapi?"