Nukta

Rotherham, saa kumi alfajiri.
Nje, mvua nusu theluji inapapasa mabati.
Ndani, mashine namba saba inaogeshwa maji ya kupoza,
meupe kama tui la pili,
na feleji inamalizika, bandu bandu,
mabanzi ya buluu yamejisokota sakafuni.

Mimi sishiki tupa wala nyundo. Naandika.
Mama akiniuliza kwa simu ni kazi gani,
namwambia: ukarani wa chuma.
Nakiamuru kisu kiende, kizame, kirudi juu,
mstari kwa mstari, herufi na tarakimu zake,
nacho hutii kuliko mtoto yeyote niliyemlea.

Hapo ndipo penye hatari.
Mtu ukimtuma nusu ya neno, atakuuliza nusu ya pili.
Mashine haiulizi.

Jumanne ile niliandika: panda hamsini.
Hamsini tupu.
Mashine hii ya zamani isipoona nukta
huhesabu kwa maikroni.
Kisu kikapanda unene wa unywele,
kisha kikachapuka, kasi yake yote, hadi kwenye jiliwa.

Graham Oldroyd, mkereza wa miaka arobaini,
alikuwa amekibonyeza kitufe chekundu kabla sijageuka.
Anasema alisikia ukimya kwanza,
ule mfupi, unaotangulia kishindo.
Hakunikaripia.
Alikichomoa kisu kilichokatika,
akakifuta kwa kitambaa,
akakitumbukiza katika kikombe changu cha chai.
"Nikutilie na sukari?"

Usiku ule nilikumbuka chuo, mkeka, magoti yenye chapa za ukindu,
kifimbo cha Maalim Makame kikigonga ubao:
be, moja chini; te, mbili juu; the, tatu.
Ukiiondoa, mwanangu, umebaki na bakuli.
Nililia kwa nukta moja, na umri wangu miaka sita.
Hii nyingine imetugharimu pauni elfu nne
na wiki nzima bila namba saba.

Sasa, kabla sijatuma,
nachapisha kurasa zote, nachukua penseli,
nazizungushia moja moja, midomo ikienda.
"Unasali?" Graham anapita na chupa yake ya chai.
Karibu na hapo, namjibu.

Panda hamsini, nukta.
Kisu kinapanda.
Graham amesimama, kichwa upande,
anasikiliza.